Vituko vya Wanyama Katika Afrika ya Kusini

Karani mmoja wa chama cha ushirika wa kahawa, mkaaji wa miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, alimwoa mkewe katika mwezi wa palizi, na kwa sababu hiyo hawakupata fungate. Siku ya tatu baada ya arusi walikuwa wote wawili shambani, kila mtu na jembe lake. Bwana aliahidi kwamba palizi ikiisha watasafiri. Palizi ikaisha, mavuno yakaja, watoto wakaja, karo za shule zikaja. Na ahadi ile ikakaa miaka thelathini bila kulipwa, ingawa mwenye deni alikuwa mtu ashikaye hesabu za wenzake bila kupungukiwa na senti moja.

Mwisho deni lililipwa na mtu mwingine. Mwana wao wa kwanza, ambaye ni fundi wa mitambo mjini Johannesburg, aliwapelekea nauli katika mwezi wa Agosti 2023. Tangu Januari ya mwaka ule raia wa Kenya walikuwa wameruhusiwa kuingia Afrika ya Kusini bila viza kwa siku zisizozidi 90 katika mwaka, basi hapakuwa na udhuru tena. Bwana alinunua kofia pana na daftari jipya la kuandikia kanuni za kila mahali watakapofika. Bibi alifunga leso mbili na sweta nzito, maana aliambiwa kwamba Agosti huko ni majira ya baridi, akasema, "Wanyama nimewaona tangu utoto wangu. Mimi ninakwenda kuona kama wewe waweza kukaa wiki mbili bila kushika kalamu."

Maneno hayo hakuyasema bure. Bibi alizaliwa katika nyumba iliyopakana na msitu, na kila msimu wa mahindi alikuwa akilinda shamba la baba yake kwa kombeo na debe la kupiga kelele. Nyani na tumbili aliwajua kama mwenye duka ajuavyo wezi wa mtaa wake. Bwana alizaliwa karibu na misheni, na wanyama aliwajua zaidi katika vitabu.

Mahali pa kwanza palikuwa mbuga ya Kruger, mwendo wa kilometa zaidi ya 400 kwa motakaa kutoka Johannesburg. Sehemu yake ya kusini ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1898, na mwaka 1926 ikafanywa mbuga ya taifa. Ukubwa wake ni karibu kilometa 20,000 za mraba, na mtu wa Kenya atapata picha yake akifikiri Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zikiwekwa pamoja. Tena hizo Tsavo zazidi kidogo. Kambi yake kubwa huitwa Skukuza. Hilo ndilo jina ambalo Watsonga walimpa msimamizi wa kwanza wa wanyama wa pale, James Stevenson-Hamilton, ambaye wazee wa Kenya wangalimwita Bwana Nyama. Maana yake husemwa kuwa ni mtu afagiaye, kwa kuwa aliwaondoa wakaaji wa nchi ile ili wanyama wapate nafasi. Bibi alipoelezwa maana hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza hao waliofagiwa walikwenda wapi. Bwana akatazama daftari lake, lakini jibu halikuwamo.

Katika kambi za Kruger wageni hukaa katika nyumba ndogo za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, na mara nyingi jiko na friji huwa nje barazani. Asubuhi ya kwanza Bwana aliketi barazani akamsomea mkewe kanuni kwa sauti ya mtu asomaye taarifa ya mwaka: kwamba motakaa isipite mwendo wa kilometa 50 kwa saa katika barabara ya lami, wala 40 katika barabara ya changarawe, kwamba ni marufuku kushuka njiani isipokuwa mahali palipowekwa, na kwamba ni marufuku kabisa kuwapa wanyama chakula.

"Endelea," alisema Bibi, "maana kuna mtu wa tatu anayekusikiliza."

Bwana aligeuka. Nyuma yake, juu ya meza, aliketi tumbili mdogo ambaye ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika. Alikuwa ameshika mkate mzima kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitabu cha zawadi shuleni. Bwana alipiga kelele, akatupa daftari. Tumbili akaruka juu ya paa pamoja na mkate, na tumbili wengine wapatao kumi wakatokea katika miti kudai sehemu yao. Bibi alicheka hata machozi yakamtoka. Lakini baada ya kucheka aliondoka akafunga komeo la friji, akakusanya makombo yote, akaokota jiwe dogo, akasimama akiwatazama bila kusema neno. Tumbili wakamjua mara moja kwamba huyu si mgeni, wakaenda zao nyumba ya pili.

Kesho yake Bwana alitamani picha. Alitaka kuwaonyesha wenzake wa ofisini yule mwizi wa mkia mfupi, naye hakutokea. Basi Bibi alipokwenda kuoga, Bwana aliweka ndizi moja ukutani, akatayarisha simu yake, akangoja. Haikupita dakika moja. Tumbili alikuja, akaimenya ndizi kwa taratibu, akaila huku akimtazama Bwana usoni, na picha ikatoka nzuri sana.

Mama mmoja mfanya kazi wa kambi alikuwa akipita na ufagio wake. Alisimama, akasema kwa Kiingereza cha polepole, "Baba, umemtendea vibaya. Leo amekula mkononi mwako. Kesho atamnyang'anya mtoto, mtoto akikataa atamwuma. Siku hiyo askari wataitwa na bunduki, nawe utakuwa umekwisha rudi kwenu."

Bwana alijibu kwamba ilikuwa ndizi moja tu. Mama yule akasema kwamba kila mgeni husema hivyo, akaendelea kufagia. Habari hii Bwana hakumwambia mkewe.

Jambo la pili lilitokea katika barabara iendayo kambi ya Lower Sabie, ambayo hufuata mto, na katika majira ya kiangazi wanyama wengi hushuka huko kunywa maji. Walikuwa wamewaona swala pala mamia kwa mamia, na hondohondo aliyejiona katika kioo cha motakaa akakigonga kwa mdomo akidhani amemwona adui. Kisha katika kona moja wakakutana na tembo dume. Hakuwa na hasira. Alikuwa akitembea katikati ya lami, kichwa chake kikipanda na kushuka, kama mzee arudiye nyumbani kutoka barazani, naye hakuonyesha dalili yo yote ya kutaka kupisha.

"Rudi nyuma," alisema Bibi.

"Mama Watoto, tembo si punda. Tukinyamaza atapita kando."

Tembo hakupita kando. Alitanua masikio yake, akatikisa kichwa, akaja. Hapo Bwana, ambaye katika ujana wake hakupata kusalimia chifu kwa heshima nyingi namna ile, alisikiwa akisema, "Shikamoo, mzee," huku akitafuta gia ya kurudi nyuma. Nyuma yao zilikuwa motakaa sita, na nyuma ya hizo, basi moja la watalii. Zote zikaanza kurudi kinyumenyume, moja baada ya moja, kama gari la moshi lililosahau abiria stesheni. Walirudi hivyo mwendo mrefu, tembo akiwafuata kwa hatua zake zile zile, asiharakishe wala asikawie, hata alipofika kwenye njia ya kushukia mtoni. Akageuka, akaondoka bila kuwatazama. Bwana alifuta jasho, akasema kwamba sasa ameelewa ni nani mwenye barabara ile.

Kutoka Kruger walishuka kusini mpaka mji mdogo wa St Lucia, katika nchi ya Wazulu karibu na pwani. Mji huu umezungukwa na hifadhi ya iSimangaliso, ambayo mwaka 1999 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Katika ziwa na mlango wa mto wa hapo wamo mamia ya viboko. Mchana hukaa majini. Usiku hutoka kula majani, na kwa kuwa majani ya bustani za watu hunyweshwa maji na kukatwa vizuri, viboko hupenda kuingia mjini. Pana vibao njiani vya kuwaonya watu, na Bwana aliandika maneno yake yote katika daftari.

Usiku ule walikwenda kula samaki katika hoteli iliyokuwa karibu na nyumba walimopanga. Walipokuwa wakirudi kwa miguu, Bwana aliona umbo kubwa jeusi likila majani mbele ya duka lililofungwa. Alikasirika. "Hata huku watu hawafungi ng'ombe wao!" alisema, na kwa kuwa ni mfugaji, alienda mbele akapiga makofi, akaguna kama watu wagunavyo wakifukuza ng'ombe katika mahindi. Ng'ombe hakujali. Bwana akaokota kijiti, akasogea, akawasha taa ya simu yake.

Ng'ombe yule aliinua kichwa, na kichwa kilikuwa kipana kuliko mlango wa jiko. Hakikuwa na pembe.

Kiboko huweza kukimbia kadiri ya kilometa 30 kwa saa, na mtu wa makamo hawezi. Bwana alikuwa ameyasoma hayo mchana, na sasa yalimjia yote pamoja. Alirudi kinyumenyume kama alivyorudi mbele ya tembo, safari hii bila gia, mpaka akamkuta mkewe amekwisha ingia katika kizingiti cha duka la pili na kusimama nyuma ya nguzo nene. Bwana naye akasimama nyuma ya mkewe.

"Mfukuze sasa," alinong'ona Bibi. "Mwambie mwenyewe amekosa kumfunga."

Iliwapasa kungoja pale karibu nusu saa. Kiboko mzima hula kadiri ya kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na huyu hakutaka kupunguza hesabu yake. Walimsikia akikata majani kwa midomo yake, krr, krr, krr, kwa taratibu ya mtu mwenye kazi yake. Bibi alikumbuka mwaka wao wa kwanza, walipokuwa wakikesha katika kibanda shambani kuwangojea nguruwe wa msituni, wakiwa na blanketi moja na debe moja. Alisema kwamba usiku ule Bwana alimsimulia habari za nchi zote alizozisoma katika vitabu vya misheni, na kwamba ndizo zilizomfanya aingoje safari hii miaka yote. Bwana hakujua kwamba mkewe alikuwa akiingoja. Alikuwa akidhani kwamba amekwisha sahau, maana hakupata kumdai hata mara moja.

Kiboko alipokwenda zake walirudi nyumbani wameshikana mikono, na watu wa rika lao hawafanyi hivyo huko Meru.

Kutoka Durban walipanda ndege mpaka Cape Town, wakafika wakati wa mvua. Karibu na hapo, katika mji wa Simon's Town, pana pwani iitwayo Boulders ambapo hukaa pengwini wa Afrika. Pengwini ni ndege asiyeruka. Mbawa zake amezigeuza makasia ya kuogelea. Mgongo wake ni mweusi, kifua ni cheupe, na hutembea wima akiyumba kama mzee wa kanisa aliyevaa viatu vinavyombana. Sauti yake ni ya punda kabisa. Bwana alipoisikia mara ya kwanza alitazama huku na huku akimtafuta punda mwenyewe.

Pengwini wa Boulders walianza na jozi mbili tu mwaka 1982, wakaongezeka wakawa maelfu. Walakini katika pwani zote za nchi ile wamepungua sana, hata mwaka 2023 jozi zenye kuzaa hazikufika 10,000, kwa sababu samaki wadogo wanaowala wamekuwa haba, na wavuvi nao huwavua hao hao. Katika Oktoba 2024 wataalamu wa dunia waliwaandika pengwini hawa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mahali pa kuwekea motakaa pana kibao kinachowaambia madereva watazame chini ya motakaa kabla ya kuondoka. Bwana alikinakili, akacheka, akaingia ndani, akawasha injini. Bibi hakuingia. Aliinama kwanza. "Zima," alisema. "Una abiria."

Chini ya motakaa, karibu na gurudumu la nyuma, alisimama pengwini mmoja akijikinga na manyunyu. Bwana alimwomba atoke kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru. Pengwini aliinamisha kichwa upande huu na upande huu, kama hakimu asiyeridhika na ushahidi. Walingoja mpaka mvua ikaanuka, naye akatoka kwa miguu yake, akawapita bila salamu. Bwana akasema kwa sauti ndogo kwamba kama asingalizima injini, kicheko cha kibao kile kingalimgeuka.

Kesho yake walikwenda Cape Point, ambako nchi huishia baharini kwa majabali marefu. Njiani, kupita Simon's Town, waliona motakaa zimesimama na watu wanapiga picha. Nyani dume alikuwa amefungua mlango wa motakaa moja kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuushika mpini kama mtu aliyezoea. Aliketi kitini penye dereva, akafungua mfuko, akatupa nje shati, kitabu na dawa ya meno, akapata mkate, akala. Wenye motakaa walisimama mbali wakicheka, na Bwana naye akacheka, maana nyani alikuwa ameweka mkono mmoja juu ya usukani. Nyani mdogo akaja kwenye dirisha lao, akanyosha mkono kupitia mwanya wa juu wa kioo. Kiganja chake kilikuwa cheusi na laini, na kucha zake ndogo. Bwana alikuwa na ndizi mapajani.

"Mkono huo nimeupiga kwa jiwe mara nyingi," alisema Bibi polepole, "nami nilikuwa mtoto, nikilia, kwa sababu ulifanana na wangu. Lakini ilinipasa. Aliyeonja mahindi yetu hakuacha tena, na mwisho wake baba alimtegea mtego. Baba Watoto, usimwonjeshe."

Bwana alifunga kioo taratibu, mpaka mkono ule ukatoka.

Baadaye mlinzi mmoja wa nyani, mtu anayelipwa kuwazuia wasiingie mijini, aliwaeleza habari ya nyani aliyekuwa mashuhuri katika barabara ile, ambaye watu walimpa jina la Fred. Alijua kufungua milango ya motakaa kuliko nyani wote, na wasafiri walimcheka na kumpiga picha miaka mingi. Alizoea, akawa hodari, akaacha kuogopa. Mwaka 2010 aliwajeruhi watu. Mwaka 2011 alikamatwa akauawa. "Si yeye aliyeanza," alisema mlinzi. "Alianza mtu wa kwanza aliyempa kipande cha mkate akacheka."

Bwana alikaa kimya mpaka walipofika mwisho wa nchi na kusimama katika upepo. Ndipo alipomwambia mkewe habari ya ndizi ya Skukuza, na ya yule mama mwenye ufagio. Bibi hakumlaumu. Aliuliza tu, "Yule wa mkia mfupi?" Bwana akasema, "Ndiye." Wakatazama bahari.

Waliporudi Kenya, jamaa na majirani walikusanyika kusikiliza. Bwana aliwasimulia habari ya tembo na gari la moshi la kurudi nyuma, na habari ya ng'ombe asiye na pembe, na watu walicheka hata kahawa ikamwagika. Picha ya tumbili ilipofika aliionyesha vile vile, maana ilikuwa nzuri kupita zote. Lakini hakuwaacha wacheke kwanza. Aliwaeleza maneno ya yule mama, kisha akapitisha picha.

Mwezi uliofuata Bwana na Bibi walikuwa katika matatu iliyopita kando ya msitu, mahali ambapo nyani huketi ukingoni mwa barabara kungojea abiria watupe vitu. Kijana mmoja alifungua dirisha, ameshika gunzi lenye mahindi nusu. Bwana alimgusa bega. "Mwanangu," alisema, "lile ni shamba la nani, pale ng'ambo?"

Kijana alitazama mahindi yaliyokuwa yakianza kubeba, na mtoto wa kike aliyesimama katikati yake na debe mkononi. Akafunga dirisha, akala mahindi yake mwenyewe.